Mpwa Wangu na Ekzosi Yangu

Mpwa wangu wa kike amefunga chuo, amekuja Konza kupumzika, na katika kupumzika huko amejipa kazi ya kukagua ekzosi ya gari langu. Jumamosi asubuhi nililiwasha nikaliacha lingurume kidogo lipate moto, kama nilivyofundishwa na aliyenifundisha, mara nikamwona nyuma anajipepea usoni kama mtu aliyepita karibu na choo cha soko.

"Mjomba, gari gani hili la kuota moto kama bibi kizee?"

Nikamwambia injini inataka heshima. Akasema injini za siku hizi hupata moto zikitembea, na kwamba hapo nachoma mafuta bila kwenda popote. Tena lita moja ya petroli, akaongeza, ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya kaboni.

Hapo nikajua nimemshika. Petroli nimeibeba kwa mtungi, uzito wake naujua: lita haifiki kilo. Itazaaje kilo mbili na ushei? "Hata mbuzi hazai mtoto mzito kuliko yeye," nikasema, nikasubiri aombe radhi.

Akaingia jikoni akatoka na pakiti ya unga. "Kilo mbili hizi zikisongwa, ugali unatoka kilo mbili?" Mke wangu, ambaye hakuulizwa, akajibu kwamba ni zaidi, maji yameingia. Basi, akasema binti, petroli ndiyo unga na oksijeni ya hewani ndiyo maji. Miaka yote hii nimekula ugali na hakuna aliyenieleza.

Akapiga hesabu. Kwenda Nairobi na kurudi ni kama kilomita 120. Gari langu, likiwa na roho safi, linakwenda kilomita kumi kwa lita. Kilo 28 kwa siku. Huo ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji ninaomwaga angani, na nimeulipia mwenyewe! Mimi, ambaye kila tarehe 14 jioni, bei mpya zikitangazwa kupanda, nakimbia kujaza tangi kabla ya saa sita usiku, nasimama foleni nusu saa na wenzangu, injini zote zinanguruma, ili tuokoe shilingi chache.

Kilichoniuma zaidi ni fri, yaani gia huru. Miaka ishirini kila mteremko naweka fri nikijiona mjanja. Kumbe injini hizi zenye kompyuta, ukiacha gia ndani na kuondoa mguu, mteremkoni hukata petroli kabisa. Ukiweka fri, lazima inywe kidogo isizime. Miaka ishirini, jamani.

Tukaenda kwa kijana wa pancha. Gurudumu la nyuma kushoto lilitakiwa kuwa na presha 32. Lilikuwa na 19. "Mzee," akasema, "hili lilikuwa linakwenda kwa magoti." Gurudumu legevu huburuta, na injini ndiyo inayolipa. Kisha buti ikafunguliwa mbele ya hadhara: mitungi miwili ya maji, jembe, gunia la ndengu la msimu uliopita, na mlango wa banda la kuku ambalo sijalijenga. Vyote chini. Keria ya juu nayo, kwa kuwa inashika upepo. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Nikajitetea kwamba kosa si langu peke yangu. Konza hii ilizaliwa na reli. Njia ya Magadi inachipukia hapa hapa. Ile reli mpya ya 2017 ina stesheni Athi River na ina stesheni Emali. Sisi abiria wa katikati tunapungia mkono madirisha. Na huo mji wa teknolojia wa hapa Konza, ekari 5,000, ulioanza kujengwa Januari 2013, sijaona basi lake likipita kwangu kuniuliza naelekea wapi. Binti akasema basi gari la umeme, maana umeme mwingi wa Kenya ni mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Nikamuuliza stima ikipotea nitalisukuma na nani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyamaza, nami nikaufurahia ukimya huo kama likizo.

Haukudumu. "Basi wabebe watu, Mjomba. Kilo 28 mkigawana watano, kila mtu chini ya sita." Sheria inaruhusu watano, ingawa nimeona Probox zetu za Ukambani zikitunza mazingira kwa watu kumi na mmoja.

Jumatatu nikapakia majirani wanne. Presha sawasawa, keria haipo, sikuota moto. Tulipofika langoni kwa wa nne, Mama Mueni, alikuwa amesimama kando ya barabara na mzigo wake wa kwenda sokoni: gunia la ndengu.