Nani Ameshika Kamera?

Jumamosi ile kijana wetu wa kidato cha tatu alirudi kutoka kibanda cha kurusha muvi, pale karibu na soko la Buguruni, na flashi yenye muvi isiyotafsiriwa. Mama mkwe wangu hakufurahi. Yeye ni wa enzi za Lufufu, mtafsiri aliyekueleza kila kinachopita kwenye kioo. Ila umeme ulikuwepo na uniti za LUKU zilitosha, tukakaa wote mkekani.

Muvi yenyewe ilikuwa Paranormal Activity. Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe huko San Diego, kwa takriban siku saba na dola 15,000 hivi. Haina muziki wa kutisha. Haina zimwi linalojionyesha lote kama tulivyozoea katika Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi. Kuna kitanda, mlango na tarakimu za saa pembeni mwa picha. Usiku mmoja mwanamke anaamka, anasimama kando ya kitanda na kumtazama mwenzake aliyelala. Saa zinakimbia, yeye amesimama tu.

"Nani ameshika kamera?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna mtu, Bibi. Wameitegesha kwenye stendi, wao wamelala."

"Basi sisi tunaangalia kwa macho ya nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo sijasikia mtu akizieleza muvi za aina hii vizuri kuliko swali lile. Katika sinema nyingine kuna mtu anayekuongoza: anakuonyesha cha kutazama, ngoma inakuonya kwamba jambo linakuja. Humu umeachiwa mlango. Unalitazama pazia mpaka unaapa limecheza. The Blair Witch Project ya 1999 haimwonyeshi mchawi hata mara moja, lakini waliamini wengi. Watengenezaji wake walieneza habari kwamba vijana wale watatu wamepotea kweli, hadi mama wa mwigizaji Heather Donahue akaletewa kadi za rambirambi ilhali mwanawe yu hai.

Usiku ule kijana wetu, bila kumwambia mtu, aliegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo, katika chumba wanacholala watoto na bibi yao. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, haina dari. Mwanga wa taa ya ukumbini hupita juu ya ukuta na kuangukia godoro la chini, analolala kitinda mimba wetu mwenye pumu.

Asubuhi nikasikia ukelele. Kwenye simu ilikuwa picha ya chengachenga, rangi ya majivu. Saa nane na dakika 14 umbo refu jeupe linatoka pembeni, linasimama juu ya godoro. Uso hauonekani. Linainama polepole karibu na kichwa cha mtoto, linanyooka, halafu halitikisiki tena. Dakika 38. Mwanangu amelala chini yake, mkono umetoka nje ya shuka.

Nilimkumbatia yule mtoto mpaka akalalamika namuumiza.

Mama mkwe alikuwa ameondoka alfajiri kwenda msibani Gongo la Mboto, simu yake imezimwa. Kufika adhuhuri ukumbi ulijaa wapangaji. Mmoja akataja jini popobawa, na waliokuwepo Dar mwaka 2007 wakakumbuka uvumi ulivyovuka bahari kutoka Zanzibar na watu wakalala nje kwa makundi. Jioni mikeka ikatolewa uani, ubani ukafukizwa, tukajipanga watu 14 kati ya ndoo na kamba za nguo.

Ubani na mikeka havikunitisha. Kilichonitisha ni sauti iliyosema gizani kwamba umbo lile linafanana na bibi mmoja auzaye ubuyu mtaa wa pili. Hakuna aliyemkanya. Nikawaambia yaliyotokea Unguja mwaka 1995, mtu mgonjwa wa akili aliyekwenda huko kutibiwa alipopigwa hadi kufa kwa kudhaniwa kuwa ndiye popobawa. Wakanyamaza, lakini nilijua hawajaridhika.

Mama mkwe alirudi asubuhi iliyofuata, akatukuta tunakunja mikeka. Akapewa simu. Akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatazama muda mrefu.

"Hii si kanga yangu ya kulalia?"

Akatuambia kama anayeeleza kazi ya kuchota maji. Kila usiku huamka saa nane kuhesabu pumzi za mjukuu wake. Huinama kusikiliza kama kifua kinapiga filimbi, kisha husimama mpaka aridhike. Mtoto wake wa nne alifia usingizini, yeye amelala ubavuni mwake, asisikie kitu. Tangu hapo hajaacha mtoto mwenye kifua alale bila mtu wa kumsikiliza.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ungekosa usingizi, mwanangu. Nawe una kazi."

Miaka 11 nimekaa naye nyumba moja. Nilidhani naijua hata namna anavyokohoa. Nikaitazama tena picha ile ile, chenga zile zile, na sasa niliona bega lake la kushoto lililoinama, na vidole vikihesabu juu ya paja. Vilikuwepo tangu mwanzo. Tulikuwa tumeshatazama muvi, macho yetu yakaenda kutafuta jini.

Siku hizi tunapokezana. Yeye saa nane, mimi saa kumi. Kijana wetu alikuwa ameirusha picha ile kwa rafiki zake watano. Nimekwenda naye mlango kwa mlango, tumeifuta kwenye simu nne. Ya tano ilikwisha kuuzwa Kariakoo, picha ikiwa ndani.