Jina Refu Kuliko Ripoti

Ofisini kwetu faili halipewi jina, linapewa wasifu. “Rasimu ya Taarifa ya Utekelezaji wa Bajeti Robo ya Pili iliyopitiwa na Bosi MPYA ya mwisho kabisa (2).docx”. Ukilifungua, kurasa mbili, na moja ni jalada.

Windows haina subira na ufasaha huo. Kwa kawaida hukubali herufi 260 tu, tena ikihesabu njia nzima kuanzia C:, na folda zetu nazo hazijambo kwa majina. Tangu 2016 Windows 10 inaruhusu kikomo hicho kiondolewe, mradi na programu husika iafiki.

Basi akaitwa kijana wa kompyuta. Akaandika skripti ya mistari mitatu: kila jina libaki na herufi 30 za mwanzo, zilizobaki zifyekwe. Kazi ya sekunde moja. Kila kitu kikawa “Rasimu ya Taarifa ya Utekeleza”. Robo ya pili, ya tatu, ya nne, zote jina moja. Maana sisi tofauti huiweka mkiani. PowerShell ya Windows ingegoma na kulalamika, lakini seva yetu yenye mafaili hayo ni ya Linux, na huko amri ya mv usipoiwekea -n hufunika faili la zamani bila hata hodi.

Robo iliyosalia ndiyo inayosifiwa sasa vikaoni. Uongozi umeshatoa waraka: “Mwongozo wa Muda wa Namna Bora ya Kufupisha Majina ya Mafaili, Toleo la Kwanza Lililorekebishwa FINAL”.