Kadi na Ufunguo wa Namba Saba

Mji wa Mikumi haulali. Malori ya barabara ya TANZAM hupita usiku kucha kwenda na kutoka Tunduma, na wenye mishikaki hawazimi moto mpaka karibu na alfajiri. Kwenye gesti moja nyuma ya barabara hiyo, mgeni aliyekuwa akitoka semina Dar es Salaam alimwaga mifuko yake juu ya kaunta akitafuta hela. Akalipa, akaoga, akarudisha ufunguo, akavuka barabara kufuata nyama choma. Katika vitu alivyosahau pale ilikuwepo kadi ya plastiki, ambayo asubuhi ile alipaswa kuirudisha mapokezi ya hoteli kubwa jijini. Jina la kundi la hoteli lilikuwa limefutika kwa jasho la mfukoni, nasi hatutajisumbua kulitafuta. Mdada wa mapokezi alikwenda chumba cha pili kuangalia tamthilia. Kaunta ikabaki na taa yake, na taa ikabaki na mjusi wake.

KADI: Samahani, meneja wa zamu yuko wapi?

UFUNGUO: Huko ulikotoka hawasalimii?

KADI: Shikamoo, mzee.

UFUNGUO: Marahaba, mwanangu. Wewe nani? Vocha au bima ya afya?

KADI: Mimi ni ufunguo.

UFUNGUO: (akigonga kibao chake kwenye kaunta) Kitabu! Amka. Kuna plastiki hapa inadai undugu na mimi.

KITABU CHA WAGENI: Meno yake yako wapi?

KADI: Sina meno, babu, nina chipu. Nikisogezwa kwenye kitasa, kataa ka kijani kanawaka, mlango unafunguka.

UFUNGUO: Bila kuzungushwa? Bila kunyanyua mlango kidogo kwa goti? Huo si mlango, hilo ni pazia. Mimi ni wa chumba namba 7, mwaka wa kumi na moja huu. Unaona kibao hiki nilichofungiwa? Kimetolewa kwenye mguu wa kitanda. Wamenifunga nacho ili mgeni asije akasahau akaondoka nami. Wewe uzito wako uko wapi?

KADI: Sisi hatuna haja ya uzito. Mgeni akituchukua, mapokezi wanatengeneza nyingine.

MJUSI: (kutoka ukutani) Ndivyo mnavyozikwa.

KADI: Mwacheni huyo. Kundi letu lina machaguo ya malazi kwa kila aina ya mteja. Kuna standadi, kuna supiria, kuna diluksi, kuna eksekyutivu, kuna swiiti. Halafu kuna upande wa apatimenti zenye huduma: studio, chumba kimoja, vyumba viwili, na ile ya juu kabisa.

UFUNGUO: Standadi na supiria zimetofautianaje?

KADI: Dirisha. Standadi inaangalia maegesho ya magari. Supiria inaangalia bahari.

KITABU: Yote?

KADI: Ukisimama kona ya bafu, ukainamisha shingo, yote.

UFUNGUO: Na diluksi?

KADI: Ina kiti cha ziada.

UFUNGUO: Sisi hapa kuna selfu na isiyo selfu. Selfu, choo kiko ndani. Isiyo selfu, choo kiko uani na ndala zake hazifanani. Halafu kuna na AC na bila AC.

KADI: Kumbe vyumba vingine mmefunga AC?

UFUNGUO: Vyote vimefungwa. Ukisema bila AC, mdada anachukua rimoti anaondoka nayo.

(Kimya. Lori linapita, vioo vya dirisha vinatetemeka, Mjusi anashuka hatua mbili.)

KITABU: Hebu nieleze hiyo apatimenti. Nimesikia madereva wakiitaja, sikuielewa.

KADI: Ni nyumba ndani ya hoteli, babu. Ina sebule, jiko, friji, mashine ya kufulia. Mgeni anakaa wiki, mwezi, hata mwaka. Anajipikia mwenyewe.

UFUNGUO: Ngoja. Mtu ana jiko kwake. Analiacha. Anapanda ndege, analipa, mnampa jiko.

KADI: Na sufuria mbili.

UFUNGUO: Na vyombo anaosha nani?

KADI: Inategemea mkataba.

KITABU: Usimcheke sana, Ufunguo. Wewe hujawahi kupanga nyumba mjini. Mtu akiletwa Dar kwa kazi ya miezi mitatu, mwenye nyumba anamdai kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka mzima. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kumwonyesha mlango. Bado kitanda, bado godoro, bado Luku, bado bili ya maji aliyoiacha mpangaji wa jana. Apatimenti inamwondolea yote hayo kwa risiti moja. Kwa mtu wa miezi mitatu ile ni hesabu, wala si anasa.

UFUNGUO: Hapo nimekubali.

KITABU: Na sisi tumewahi kuwa nayo bila kujua. Ukurasa wangu wa themanini na mbili yupo fundi wa ujenzi wa barabara, alikaa namba 4 miezi saba. Mdada alimfulia. Mama lishe alimletea ugali na dagaa mpaka mlangoni, kwa deni. Kila Jumapili alibadilishiwa shuka.

KADI: Hiyo ni apatimenti yenye huduma kabisa.

KITABU: Tungelijua jina lake, tungepandisha bei.

KADI: Bei haipandi kwa jina tu, babu. Kuna nyota. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vyake vya kupanga hoteli daraja, kuanzia nyota 1 mpaka 5. Wakaguzi wanapita, wanaangalia kila kitu. Nyinyi mna ngapi?

UFUNGUO: Namba 7 zinaonekana tatu. Bati limetoboka.

KADI: Na mmiliki wenu ni kundi gani?

UFUNGUO: Ni mama mmoja. Anakuja Jumamosi, anahesabu shuka, anaondoka na hela. Wa kwenu?

KADI: Kwetu jengo ni la mtu mmoja, jina ni la mwingine, na anayeajiri wafagiaji ni wa tatu.

UFUNGUO: Sasa bomba likipasuka mnampigia nani?

KADI: Tunaitisha kikao.

KITABU: Ndiyo mtindo wa hoteli kubwa siku hizi. Pale Dar kuna Hoteli ya Kilimanjaro, ilifunguliwa mwaka 1965, ikawa ya serikali, viongozi na wageni wao wakiingia na kutoka. Baadaye likaja bango la Kempinski. Tangu 2011 bango ni la Hyatt. Jengo liko palepale linaangalia bandari ileile. Mwenye jina huwa anauza jina na uendeshaji wake, anachukua fungu la mapato kila mwezi. Mwenye jengo anabaki na kuta na deni la benki.

MJUSI: Mimi nina kuta bila deni.

KADI: Babu, unayajuaje haya yote?

KITABU: Mwanangu, mimi ni kitabu. Wenzangu nawafahamu. Mwaka 1970 vijana wa TANU walianzisha ubishi gazetini: nchi inayojenga ujamaa inajenga mahoteli kwa ajili ya nani, na nani atamtumikia nani? Watu wakajibizana kweli. Issa Shivji akaukusanya mjadala ule, ukawa kitabu mwaka 1973. Wakati huo serikali yenyewe ndiyo ilikuwa kundi la hoteli, ikijenga mbugani na pwani. Hata hapa kwenye Hifadhi ya Mikumi ilikuwepo loji yake. Hifadhi ilianzishwa 1964, kilomita za mraba 3,230, na loji ikawekwa mbele ya bwawa ili mgeni akae na kinywaji chake amtazame tembo akinywa.

KADI: Huyo tembo alilipwa?

KITABU: Swali hilo vijana wa 1970 walilisahau.

KADI: Na sasa loji inaendeshwa na kundi gani?

UFUNGUO: Na majani. Iliungua mwaka 2009.

(Wanakaa kimya kidogo. Hata Mjusi.)

KITABU: Siku hizi ukitaka kulala ndani ya hifadhi kuna mabanda ya TANAPA, na kuna kambi za mahema huko kwenye vilima vya Vuma na kwingineko. Wageni wa nje wanayapenda sana mahema.

KADI: Wanalipa kulala chini ya turubai?

KITABU: Kwa dola. Na hapo nje, chini ya trela, kuna utingo analala chini ya turubai bure. Nikiangalia turubai zenyewe, zote ni za kijani.

KADI: Wanyama je? Wana machaguo gani?

UFUNGUO: Wao nyumba yao imepitiwa na barabara sebuleni. Kilomita 50 za TANZAM ziko ndani ya hifadhi. Mchana mwendo mwisho 70, usiku 50, na matuta juu yake, na bado madereva wanafika hapa kaunta wakitetemeka. Ukimgonga mnyama unalipa, na bei zimeorodheshwa kwa dola, kila mnyama na yake. Twiga, tembo, simba, nyati, ngiri, nyani, mpaka chini huko.

KADI: Kama orodha ya vyumba!

UFUNGUO: Ndiyo hiyohiyo. Twiga ni swiiti. Ngiri ni singo isiyo selfu.

MJUSI: Mjusi je?

UFUNGUO: Humo kwenye orodha.

MJUSI: Hata chini kabisa?

UFUNGUO: Wewe ni gesti bubu.

KADI: (baada ya kucheka) Mimi bado jambo moja linanisumbua. Huyu mgeni wetu, usiku wa jana alilala diluksi. Siku tatu mfululizo. Alipiga simu mapokezi kulalamika kwamba mto ni mgumu, akaletewa mito minne achague. Leo namwona anaingia kwenu, anachukua namba 7, anasema bila AC. Amefilisika njiani?

KITABU: Semina ilihusu nini?

KADI: Fursa za malazi ukanda huu. Nilikuwa mfuko wa shati, niliyasikia yote. Walisema treni ya umeme imezinduliwa Agosti 2024, inasimama Kilosa, watalii wa siku mbili wataongezeka Mikumi, wilaya ijipange kwa vyumba vya kisasa. Yeye mwenyewe alisimama akachangia. Alisema gesti zetu haziendani na hadhi ya mgeni.

UFUNGUO: Alisema hivyo?

KADI: Akapigiwa makofi.

KITABU: Basi sikiliza, mwanangu, uelewe biashara yenu. Dar, chumba kililipwa na waandaaji moja kwa moja. Huko kulalamikia mto mgumu ni haki. Hapa yuko njiani, amepewa posho ya kulala mkononi. Akilala pa nyota tatu, posho inaisha. Akilala namba 7 bila AC, inabaki, anaongeza bati kwenye nyumba yake. Mtu ni yuleyule, mgongo ni uleule. Kilichobadilika ni nani analipa.

UFUNGUO: Na risiti?

KITABU: Ameomba iandikwe selfu, na AC, na kifungua kinywa.

KADI: Mna kifungua kinywa?

KITABU: Kwenye risiti.

KADI: Na wageni wenu wengine?

KITABU: Walipungua Oktoba 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku. Zamani basi likichelewa lililazwa njiani, nami nilijaa ukurasa mzima kwa usiku mmoja. Sasa napata madereva, watu wa Kidatu na Ifakara waliokosa gari, na wapendanao. Nina safu ya jina, kabila, atokako, aendako, kazi. Kwenye kazi nina wafanyabiashara wengi kuliko Kariakoo. Kwenye kabila kuna wanaoandika Mtanzania. Kuna bwana mmoja amelala hapa mara nne na mke wake, na kila mara mke wake ana mwandiko mpya.

KADI: Sisi kabila hatuulizi.

UFUNGUO: Mnauliza nini?

KADI: Pasipoti, namba ya kadi ya benki, barua pepe, simu, tarehe ya kuzaliwa. Siku yake ya kuzaliwa ikifika tunamtumia salamu.

KITABU: Mnamkumbuka?

KADI: Kompyuta inamkumbuka. Mimi kumbukumbu yangu mwisho saa nne asubuhi. Ikipita saa ya kutoka, chipu inafungwa, sifungui tena mlango wowote duniani.

UFUNGUO: Hata kwetu mwisho wa chumba ni saa nne, imeandikwa ukutani, chini ya ile ya uongozi kutohusika na upotevu wa mali. Mlitoka Dar saa ngapi?

KADI: Saa tano.

(Ufunguo na Kitabu wanatazamana.)

UFUNGUO: Mjusi, mwambie wewe. Mimi siwezi.

MJUSI: Pole na msiba, kijana. Umefiwa na wewe mwenyewe.

KADI: Kwa hiyo mimi sasa si ufunguo?

UFUNGUO: Usijali, mwanangu, utapata kazi. Kukwangua vocha ni kazi. Mimi ndiye nitakayebaki mlangoni, na kibao changu. Miaka kumi na moja hakuna mgeni aliyewahi kunibeba.

Mgeni alirudi saa nne na nusu usiku, akachukua ufunguo, akalala fofofo. Asubuhi saa kumi na mbili dereva wake alipiga honi mara tatu. Akakurupuka, akabamiza mlango, na alipofika Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu akahisi kitu kizito mfukoni. Kilikuwa kibao cha mguu wa kitanda chenye namba 7.

Mdada wa mapokezi alizunguka mlango kwa nusu saa. Kitasa kilikuwa cha kubamiza, na fundi wa kuchonga funguo alikuwa Kilosa. Mwishowe akaiokota ile plastiki kwenye kaunta, akaipenyeza kati ya mlango na fremu, akasukuma, mlango ukafunguka.

Mama mwenye gesti alipokuja Jumamosi alionyeshwa namna inavyofanya kazi. Alicheka, akahesabu shuka, akaagiza kalamu ya wino mzito. Tangazo bado lipo ukutani kwa wino wa buluu: VYUMBA VYA KADI VIPO, ONGEZA 5,000.