Mazabodi Mpya, Memori Ileile

Mazabodi ya kompyuta ya mezani ikifa, mara nyingi memori hubaki nzima, na hapo ubahili hupata cheti cha ufundi. Katika steshenari ya Nyakato, Musoma, hesabu ni nyepesi: inunuliwe mazabodi tu, mengine yapo. Vijiti viwili vya DDR3 husuguliwa kwa ufutio wa penseli mpaka meno yang'ae, kisha hufungwa kwenye gazeti kama vitumbua, vikisubiri nyumba mpya.

Nyumba inafika, nayo ni ya DDR4. Kijiti cha DDR3, kizazi cha mwaka 2007, kina pini 240 na hutumia volti 1.5, cha DDR4, cha mwaka 2014, kina pini 288 na volti 1.2. Pengo la kwenye meno nalo limehamishwa makusudi ili nguvu isishinde akili. Kidole gumba hujaribu hata hivyo. Baadaye hununuliwa memori, halafu prosesa, na cha zamani kinachosalia ni kasha na vumbi lake. Aliyepania kuokoa memori hutafuta mazabodi ya mtumba ya kizazi kilekile, yaani huipandisha kompyuta daraja kwa kuirudisha ilikokuwa.