Sakafu ya Picha

Jumamosi iliyopita wajumbe wa ukoo wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu waliitikia hotuba yangu ya kuwakaribisha kwa kulala kifudifudi. Wote, pamoja na mchungaji. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "nyumba hii ni yenu" pale mjomba wa kijana, mtu wa kilo zake, aliposogeza kiti hadi katikati ya sebule, juu ya kile kilima kilichoota chini ya zulia tangu mvua za wiki ile. Sakafu ikalia: paa! Na aliyekuwa Kisangani mwezi Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana humu mjini siku sita, hangoji mlio wa pili.

Hilo lingesahaulika. Ila mjomba yule anauza mbao. Shavu likiwa bado sakafuni, zulia limekwisha kusogea, akaanza kukagua. "Papa," akaniambia, "hiki kifundo cha mti nimekiona pale mlangoni. Kiko na chini ya meza. Na kule." Akainuka, akajipangusa, akauliza ni mti gani huo unaozaa vifundo mapacha. Nikamjibu kwa heshima kwamba sanduku limeandikwa mwaloni.

"Huu si mti," akasema. "Ni picha ya mti." Kisha akawageukia wenzake: "Kumbe hawa wanapokea picha! Basi mbuzi wa mahari tutawatumia kwa WhatsApp."

Walicheka mpaka mchungaji akaomba maji.

Mjomba alisema kweli, na tangu siku ile nakosa usingizi nikiwaza jinsi kitu hiki kilivyobuniwa. Ubao wa laminati una unene wa milimita 8 hivi. Mti umesagwa ukawa nyuzi, nyuzi zikatiwa gundi, zikashindiliwa kwa joto. Juu hubandikwa karatasi yenye picha ya mbao, kisha ngozi angavu ya melamini iliyochanganywa na oksidi ya alumini, kitu kigumu kilekile kinachokwaruza kwenye msasa. Chini huwekwa karatasi nyingine ili ubao usijikunje. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyobuni sakafu hii mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 Wasweden na Wabelgiji, kila upande kwa njia yake, wakapata kingo zinazoumana bila gundi wala msumari. Uwezo wa Mbelgiji wa kung'ang'ania kitu tunaujua sisi. Ilibidi tungoje mpaka 1960 aiachie Kongo.

Ajabu zaidi, sakafu hii haishikani na nyumba. Inaelea. Zege lina vitundu vyembamba visivyoonekana, nalo hufyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Kwa hiyo hutangulia nailoni ya kuzuia unyevu, ikafuata sponji nyembamba, ndipo mbao. Na kila ukuta huachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 10, maana nyuzi zikinywa unyevu hutanuka, sakafu nzima ikasogea. Nafasi hiyo hufichwa na plinti.

Fundi wetu aliitazama karatasi ya maelekezo, akaicheka. "Nafasi ya nini, Papa? Watu watasema sijui kupima." Akazibana mbao ukutani pande zote nne, kazi safi, hata wembe haupiti. Zilipotanuka hazikuwa na pa kwenda ila juu.

Karatasi hiyohiyo inataka unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Kisangani haifiki kilomita 60 kutoka ikweta, imekaa kati ya Mto Kongo na Mto Tshopo, na mwezi usio na mvua hatuujui. Asilimia 60 kwetu ni ukame.

Nacheka, lakini kuna lisilochekesha. Msitu unaanza pale mji unapoishia. Tuna lifaki, tuna kambala, tuna afromosia, mti ambao tangu 1992 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na ambao Ulaya wanautandika sakafuni na kuundia boti. Toleka, mwendesha baiskeli ya kukodi, aliyenibebea masanduku ya sakafu alilazimika kulipisha lori la mbao. Lori linatoa mti. Baiskeli inaleta unga wa miti ya watu wengine, na picha ya mti usioota hata mmoja katika jimbo zima la Tshopo. Seremala wa mtaa wa Mangobo niliyemwendea mwanzo aliniambia mbao nzuri hupakiwa kabla hajaziona, na zinazobaki bado mbichi. Nani alipanga hivyo? Na kwa nini anayekaa na msitu mlangoni ndiye anayelipa dola kununua picha?

Huku nyumbani, mlango wa chumbani haufunguki tena. Dada wa nyumbani alimwaga ndoo ya maji ya sabuni kama kila asubuhi, na kona imevimba. Panya wamehamia chini ya sponji, na nasikia wanaishi vizuri.

Jana nilimpelekea muuzaji sanduku lenye maandishi ya dhamana ya miaka 20. Akanionyesha mstari mdogo chini: dhamana ni kwa nyumba kavu. Nikamwuliza nyumba kavu iko wapi. Akafikiri kwa moyo wote, maana ni mtu mwaminifu.

"Lubumbashi, Papa," akasema. "Kuanzia Mei mpaka Septemba."