Kapasita Apewe Haki Yake

Watu wamezoea kuvisifu vile vinavyoonekana: paneli ya sola inayometameta juu ya bati kama sinia la shaba, betri inayotaka wanaume wawili kuinyanyua, na inveta yenyewe, lile sanduku lenye vitaa vya kijani ambalo mgeni huonyeshwa kabla hajamiminiwa kahawa, walakini katika baraza zote za Tanga nilizopata kuketi sijamsikia mtu akimtaja kwa wema kapasita aliyemo ndani ya sanduku hilo, maana yeye hutajwa siku nyumba imeingia giza, tena kwa laana, na maiti yake imekwisha kuchomolewa. Nami, kwa kuwa dhuluma ni dhuluma hata likitendewa kopo la alumini lisilozidi kikombe cha kahawa, nimejitwika kumtetea.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada ya wenye kusifu. Babu yake ni chupa ya Leiden, huko Uholanzi, ambako mwanachuoni Pieter van Musschenbroek alipigwa na umeme aliokuwa ameuhifadhi chupani, pigo ambalo aliliandikia barua mwaka 1746 akisema kwamba hata apewe ufalme wote wa Ufaransa hatalirudia. Mwaka 1896 Mpolandi Karol Pollak akaomba hataza ya kapasita ya alumini na majimaji, ndiye mzazi wa huyu wetu. Pasi yangu haina ukoo kama huo, wala jiko. Na ukoo wenyewe hausahau: zima inveta, ngoja kidogo, kisha tia bisibisi kwa pupa, nawe utapokea volti kama 400 alizokuwa amekuwekea amana, pamoja na salamu za babu yake.

Ama kazi yake, hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, usiopumzika maadamu jua lipo. Nyumba nayo hutaka mkondo geu, wa mizunguko 50 kwa sekunde, hata ikawa haja yake ya nguvu hupanda na kushuka mara 100 katika sekunde hiyo hiyo. Baina ya mtoaji asiyenyamaza na mpokeaji asiye na msimamo amewekwa kapasita, akipokea kisichotakiwa na kutoa kinachotakiwa, wala hapati hata ahsante. Ndani yake mna alumini nyembamba iliyoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa, mfano wa mkeka uliokunjwa na umande wake. Kazi humtia joto, joto huyafukuza majimaji kidogo kidogo kupitia kizibo cha mpira, na kadiri anavyokauka ndivyo upinzani wa ndani unavyozidi, na upinzani ukizidi joto huzidi tena. Basi huko ndiko kunakoitwa ubovu! Paneli inasifiwa kwa kuwa na dhamana ya miaka 25, nayo kazi yake ni kuota jua, ambayo hata mjusi wa ukutani anaiweza.

Wasemao kwamba maisha yake ni mafupi hawajasoma karatasi ya kiwandani. Humo huandikwa, mathalan, saa 2,000 kwa joto la nyuzi 105, na mwenye haraka atapiga hesabu ya siku 83 na kupiga kelele za wizi; lakini kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10 umri huongezeka maradufu, hata kwa nyuzi 65 zikawa saa 32,000, ambazo kwa inveta ifanyayo kazi saa 12 kwa siku ni miaka saba na ushei. Kwa nyuzi 75 haifiki minne. Ajali yake, basi, ameiacha mikononi mwa mwenye nyumba, heshima ambayo mimi sikuistahili: inveta yangu niliitundika stoo, chini ya bati lisilo dari, ukuta mmoja na jiko, na mke wangu, kwa kukistahi chombo cha thamani, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua, kikaziba matundu ya feni barabara.

Mwaka wa nne ukamkuta amekufa. Kijana wa fundi alifungua sanduku, akamulika tochi, akasema, "Mzee, mwenyewe huyu hapa." Kichwa chake, ambacho kiwandani huchanjwa alama ya msalaba ili kipasuke kwa adabu, kilikuwa kimevimba kama andazi lililozidi hamira. Transista hufa kimya, ukamsaka kwa mita mpaka magharibi. Kapasita huyu alikwisha kujitangaza mwenyewe. Wako kapasita wa filamu, wasio na maji ya kukauka, nao ni ghali na huishi mno. Hao sina la kuwasifia, wala sidhani kijana yule ana hamu nao, maana hawamletei shilingi.

Alipomaliza kulehemu alikikung'uta kile kitambaa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Hiki, mzee, kisirudi."

Nilikipeleka ndani na maelezo yake yote, ya nyuzi na ya saa, nikasikilizwa kwa utulivu mkubwa. Asubuhi yake nilipoingia stoo kutafuta jembe nilikikuta kimefuliwa, kimepigwa pasi, na maua yake yamepangwa sawasawa juu ya matundu.