Mgunduzi wa Bendi Ahutubia Uvira

Waheshimiwa wababa na wamama, wapenzi wa elimu, na nyinyi vijana mliobanana pale kwenye soketi kuchaji simu: karibuni. Mbele yenu amesimama mtaalamu mkuu wa elimu ya kukutana na bendi bila kuitafuta, Kivu Kusini nzima. Asiniulize mtu nani kanipa cheo. Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyekwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, aliitwa Dokta na mashabiki wake, na hakuna aliyemwona akidunga sindano. Mimi sikutaka kuwachosha mashabiki. Nimejipa mwenyewe.

Wasiosoma husema kukutana na bendi ni bahati. Bahati peke yake haifiki mbali, inataka jiografia. Utazameni mji wetu. Huku milima ya Mitumba, kule Ziwa Tanganyika, na katikati kaukanda ka ardhi ambako Uvira imejinyoosha kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. Kinshasa mtu anaweza kuzeeka bila kuisikia bendi ya mtaa wa pili. Hapa utakimbilia wapi? Ukipanda ni mlima, ukishuka ni maji. Gitaa likishatoka kwenye spika pale Mulongwe, wewe umekamatwa.

Kuna na upepo. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, ukashuka kuelekea ziwani. Kwa hiyo bendi inayopiga usiku Uvira hulipigia ziwa kwanza, sisi tunapata makombo. Hapo ndipo wapinzani wangu hunirukia: kama ni hivyo, wanasema, mashabiki wa kwanza wa kila bendi ya hapa ni wavuvi wa ndagala, walioko huko gizani na taa zao. Upuuzi mtupu. Mvuvi amesikia, sawa. Ametikisa kichwa, sawa. Huenda nyimbo zote anazijua kwa moyo. Lakini je, ametoa mhadhara? Hajatoa. Basi hajagundua kitu.

Msidhani naonea. Ndivyo elimu inavyokwenda, na ushahidi uko hapahapa. Burton na Speke walifika Uvira Aprili 1858 wakiwa na swali moja: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Watoto wa mtawala wa hapa wakawajibu kwamba unaingia, jambo ambalo kila aliyewahi kuteka maji upande ule alilijua. Lakini wataalamu hawawezi kukubali neno kwa sababu tu ni la kweli na limesemwa na mwenyeji. Ilibidi Livingstone na Stanley waje Novemba 1871, wapigwe jua mtumbwini, waone kwa macho yao, ndipo mto ukapata ruhusa ya kuingia ziwani. Miaka 13 yote Rusizi ilikuwa ikitiririka bila kibali!

Na muziki ni hivyohivyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi wimbo wa «Masanga», na dunia ikaambiwa kwamba kipaji kimepatikana. Waliokuwa wakimpita Mwenda njiani na gitaa lake hawamo kitabuni. Staff Benda Bilili walikuwa wakipiga mitaani Kinshasa mpaka Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, walipowaona. Mwaka 2010 filamu yao juu ya bendi hiyo ikaonyeshwa Cannes. Nayo UNESCO ikaja kuitambua rumba Desemba 2021, zaidi ya miaka 60 baada ya Grand Kallé na African Jazz kuwapigia wajumbe wa Meza ya Duara, ule mkutano wa uhuru wa Kongo, kule Brussels. Siwalaumu. Wangenipigia simu ningewaambia mapema.

Tuingie sasa kwenye ugunduzi wangu, ambao ndio sababu ya nyinyi kuwekewa viti.

Nilikuwa namfuata mdeni. Alikopa dola kwangu akisema ni za kuanzisha biashara ya ndagala, kisha akawa haonekani. Jumamosi moja jioni nikasikia yuko kwenye nganda moja, baa ya muziki, karibu na daraja la Kalimabenge. Nikaingia kwa hasira. Kweli yuko, ila yuko jukwaani, amekumbatia gitaa la besi, na nyuma yake kuna amplifaya mpya kabisa. Ndagala zangu zile.

Sheria ya nchi hairuhusu kumdai mtu katikati ya wimbo. Nikakaa, nikaagiza Primus, nikafungua daftari. Mpiga soli alikuwa na kamba mbili za waya wa breki ya baiskeli. Mwimbaji mmoja alitikisa kopo la dawa ya mbu lililotiwa kokoto, na lilikuwa na mdundo safi kuliko vifaa vingi vya dukani. Jenereta lilikuwa nje, linakohoa, na kijana mmoja amelichuchumalia na faneli kama anayemlisha mgonjwa.

Likazima. Taa kwisha, gitaa kwisha, besi kwisha. Nikasema, haya, deni langu hilo linakuja. Lakini ngoma hazikusimama. Waimbaji hawakusimama. Waliendelea gizani bila mikrofoni, sauti tatu, kopo la dawa ya mbu na vigelegele vya wamama wa meza ya pembeni. Jenereta lilipowaka tena, magitaa yote matatu na besi yaliingia mahali palepale ambapo yangekuwa kama umeme haukukatika, si hatua moja mbele, si moja nyuma. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Hakuna aliyegeuka kumtazama mwenzake. Jambo hili nimeliita Kanuni ya Jenereta, na ninakataza itumike bila kutaja jina langu.

Nikamwita binti wa vinywaji, nikamwambia: «Binti, andika tarehe ya leo. Nimegundua bendi.»

Akanitazama. «Papa, hawa wanapigaka hapa tangu niko mutoto.»

Nikaandika daftarini: ushuhuda wa mwenyeji, hauna uzito.

Kisha ikaingia sebene, ile sehemu ya magitaa na kucheza, na hapo, waheshimiwa, elimu ilipata msukosuko. Mdeni wangu aliinama akamnong'oneza atalaku, yule mpaza sauti wa bendi. Atalaku akashika mikrofoni, akalitangaza jina langu mpaka kule ziwani: baba wa wasanii, mkono usiofungwa, patron wa Uvira, mtu ambaye hajawahi kudai mtu! Nganda nzima ikageuka. Ningefanya nini? Nilisimama, nikacheza mpaka jukwaani, nikabandika noti ya faranga 500 kwenye paji la uso la mtu ambaye ana dola zangu. Lilikuwa na jasho, likashika vizuri.

Tangu siku hiyo nahudhuria kama mchunguzi, na dalili za ushabiki nimezichunguza kwa mgonjwa niliye naye karibu zaidi. Huanza kusema «bendi yangu». Huwasahihisha waimbaji maneno ya wimbo waliotunga wenyewe. Hulalamika kwamba zamani walipiga vizuri zaidi, na hiyo zamani ni mwezi uliopita. Akikuta mgeni amekaa kiti chake, husimama juu yake mpaka mgeni akumbuke kwamba ana safari.

Jina la bendi sitalitaja. Nikilitaja leo, kesho mtajaa pale, na wiki ijayo mtadai mliwajua kabla yangu. Mwenye masikio apite kwenye daraja Jumamosi jioni, akitafuta kitu kingine.

Maswali yatapokelewa kwa maandishi. Na yeyote atakayeguswa na besi akataka kumtuza mpigaji, tafadhali asipande jukwaani. Noti anikabidhi mimi. Nitaipunguza kwenye deni.